Tumbo Linauma, Lakini Wapi?

Karibu kila mgonjwa anayeingia kwenye chumba chetu cha kipimo cha kamera, hapa Mwanza, huwa ameshaujua ugonjwa wake. "Sista, mimi nina vidonda vya tumbo," ananiambia kabla sijafungua kadi. Jina hilo alipewa na jirani, au na muuza dawa, au na mganga wa zahanati aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Wapo waliokaa nalo miaka na miaka. Wameacha maharage, wameacha machungwa, wanakunywa maziwa asubuhi na jioni. Tukishapitisha mpira wa kamera na kutazama, mara nyingi kidonda hakipo. Kipo kitu kingine, na baadhi ya vitu hivyo vingine vinaua haraka kuliko kidonda.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kumwandaa mgonjwa, kumpulizia dawa ya ganzi kooni, kumlaza kwa ubavu wa kushoto, kumshikilia wakati daktari anapitisha mpira, na mwisho kumweleza yaliyoonekana. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayonichukua muda kuliko zote. Huwezi kumweleza mtu kwamba mishipa ya umio wake imevimba ikiwa hajawahi kuambiwa kwamba ana umio. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Sitaki msomaji awe daktari. Nataka akifika hospitali aweze kuonyesha panapomuuma, aseme kilichobadilika, na aelewe kilichoandikwa kwenye kadi yake.

Kwa Kiswahili cha nyumbani, tumbo ni kila kitu kilichopo kati ya mbavu na kinena, na mle ndani viungo ni vingi. Weka kidole chini kidogo ya mfupa wa kifua, pale wazee wanapopaita chembe ya moyo. Nyuma yake kuna mfuko wa chakula. Sogeza kidole kulia, chini ya mbavu: hapo kuna ini, kiungo chenye uzito wa kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima, na kifuko cha nyongo kimejificha chini yake. Upande wa kushoto, juu, kuna bandama. Kongosho imelala kwa ndani kabisa, karibu na mgongo, ndiyo maana maumivu yake hupenya hadi nyuma. Kuzunguka kitovu kuna utumbo mwembamba, mita kama sita zilizokunjwa, na utumbo mpana umeuzungushia uzio wa mita moja na nusu. Kulia kwa chini, karibu na nyonga, utumbo mpana unapoanzia, ndipo kilipo kidole tumbo. Mwishoni kuna puru, kisha njia ya haja kubwa.

Mgonjwa anayeniambia "hapa, chini ya mbavu za kulia, na linazidi nikila vya mafuta" amenipa zaidi ya yule anayesema tumbo linamuua. Huyo wa kwanza tutamfikiria mawe kwenye kifuko cha nyongo, na tutampeleka kupigwa picha ya mawimbi ya sauti kabla ya kumwingizia kamera.

Tuanze juu. Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takribani sentimita 25, unaotoka kooni, unapita nyuma ya moyo na kuingia kwenye mfuko wa chakula. Kwa kuwa unapita kifuani, magonjwa yake husikika kifuani. Kiungulia ni tindikali ya mfuko wa chakula inayopanda kwenye umio kwa sababu mlango wa chini umelegea; mtu anasema moyo unamwaka, na moyo haumo kabisa. Lakini na kinyume chake hutokea: maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja ghafla, na jasho jingi na kubanwa pumzi, yanaweza kuwa ni moyo wenyewe. Huyo hapaswi kutafutiwa dawa ya tindikali dukani. Akimbizwe hospitali.

Ugonjwa wa umio unaonihuzunisha zaidi ni saratani. Ukanda wetu, tangu Ethiopia, ukishuka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani hii kwa wingi. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, imewatibu wengi, wakiwamo vijana ambao hawajafika miaka 30. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: tumbaku, pombe, moshi, lishe duni, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Chai yetu inayonywewa ikitoka jikoni hufika huko bila shida. Acha ipoe kidogo, ladha haipotei.

Saratani ya umio huja kwa mpangilio. Kwanza nyama na ugali vinakwama, mgonjwa anajisukumia na maji. Baada ya muda wali nao unakwama. Halafu uji. Mwisho hata mate. Mgonjwa akifika zahanati husema "koo linanisumbua," naye anaangaliwa mdomoni, anapewa dawa ya mafindofindo, anarudi nyumbani. Mwezi unapita, anapewa nyingine. Nimepokea watu waliozungushwa hivyo hadi nguo zikawa zinawavuka mwilini. Neno la kusema ni hili: chakula kinakwama. Kisha mwonyeshe kwa kidole, kifuani, pale kinapokwama. Kwenye kadi daktari ataandika disfajia, maana yake shida ya kumeza, na ukiona neno hilo ujue unapaswa kupelekwa kwenye kamera bila kuchelewa. Ugonjwa ukikutwa mapema unaweza kufanyiwa upasuaji. Ukikutwa umechelewa, tunaweza kuweka kimrija cha waya ndani ya umio ili mtu aweze kula tena na watoto wake, na hilo pia ni jambo kubwa.

Chini ya umio ndipo kwenye mfuko wa chakula, wenye tindikali kali ya kuyeyusha nyama. Ukuta wake hujikinga kwa ute mzito. Ute huo ukishindwa, tindikali inaula ukuta, na hapo ndipo panapotokea kidonda. Mara nyingi kidonda hakiko hata kwenye mfuko wenyewe; kipo hatua moja mbele, kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Cha duodeni huuma mtu akiwa na njaa au usiku wa manane, naye akila kidogo anapata nafuu. Cha mfukoni chaweza kuuma zaidi akila. Vyote viwili kadi itaviita kwa herufi tatu, PUD.

Vizazi vilifundishwa kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Kule Perth, Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren aliona vijidudu vilivyojipinda kwenye vinyama vilivyonyofolewa katika mifuko ya chakula ya wagonjwa. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Mwaka 1982 walifanikiwa kuviotesha vijidudu hivyo maabara, baada ya sahani zao kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya Pasaka. Madaktari wengi hawakukubali. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao, na baada ya siku chache alikuwa akitapika. Kamera ikaonyesha mfuko wake umevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori, na wagonjwa wangu wamemfupisha, wanamwita pailori.

Ugunduzi ule una maana moja kubwa kwa mtu wa Nyamagana au Magu: kidonda kilicholetwa na pailori kinapona. Dawa mbili za kuua bakteria na moja ya kupunguza tindikali, kwa kawaida siku 14 bila kuruka, na mtu anarudi kwenye maharage yake. Hakuna sababu ya kuishi na kidonda maisha yote. Maziwa hayakiponyi, yanatuliza kwa muda mfupi, kisha mfuko unatoa tindikali zaidi ili kuyasaga.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Kuna kipimo cha damu cha pailori kinachofanywa kwenye maabara ndogo ndogo za mitaani, cha dakika chache. Kinatazama askari wa mwili, siyo bakteria mwenyewe, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kwisha. Mtu anatibiwa, anapona, anapimwa tena, anaambiwa bado anaye, anatibiwa tena. Nimeona kadi zenye dozi juu ya dozi. Tena, watu wazima wengi katika Afrika wanaye bakteria huyu, na wachache tu miongoni mwao hupata kidonda. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachojibu swali la kama amekwisha. Ukimaliza dawa, omba mojawapo, na ukubaliane na daktari lini ukifanye, kwa kuwa kikifanywa mapema mno au ukiwa bado unatumia dawa ya tindikali kinaweza kudanganya.

Chanzo cha pili cha vidonda kimo kwenye mifuko ya suruali. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza ule ute unaoukinga ukuta. Mbeba mizigo wa sokoni anayezimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo, bibi anayezimeza kwa ajili ya magoti, wote wanakula ukuta wao kidogo kidogo. Wengi hawazitaji wanapoulizwa wanatumia dawa gani, kwa sababu kwao hizo ni za maumivu tu, siyo dawa. Zitaje.

Sasa niseme habari ya ziwa.

Huletwa kwetu wavuvi kutoka Ukerewe na visiwa vingine, wengine usiku, wamevuka kwa mtumbwi wa injini na kisha gari. Wanatapika damu. Mke anabeba beseni, na kadi ya kule kisiwani inasema vidonda vya tumbo. Tukiingiza kamera, mfuko wa chakula ni mzima. Tatizo liko juu yake, mwishoni mwa umio: mishipa ya damu imetuna, imejipindapinda, na mmoja umepasuka. Kwa daktari hiyo ni varisi. Chanzo chake, kwa watu wengi wa kanda yetu, ni kichocho.

Mgonjwa hushangaa. Kichocho anachokijua ni cha kukojoa damu. Lakini vipo viwili. Kile cha Ziwa Victoria ni cha tumbo, na minyoo yake haikai kwenye kibofu. Inaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike pamoja, kwa miaka. Mtu huipata akisimama majini: konokono wadogo wa ziwani hutoa viluwiluwi vya minyoo, navyo hupenya ngozi bila kuacha alama ya kutisha. Jike hutaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hutoka na choo na kurudi ziwani kama hakuna choo cha maana. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo, na mwili huyazungushia makovu.

Damu yote inayotoka kwenye utumbo lazima ipite kwenye ini. Makovu yakizidi, njia inaziba, na damu inatafuta vichochoro: inarudi kwenye bandama na kulivimbisha, inapanda kwenye mishipa myembamba ya umio ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Tumbo linaweza kujaa maji. Kijijini wanasema karogwa, na naelewa kwa nini: mtu mwenye nguvu za kuvuta nyavu, macho meupe, bila manjano, bila pombe, siku moja anaamka anatapika damu beseni zima. Ini lake bado linafanya kazi nyingi vizuri, ndiyo maana halikumpa dalili.

Kwa kamera hiyohiyo daktari huufunga mshipa unaovuja kwa vipira vidogo, na nimeona watu waliokuwa wanakufa wakitoka kwa miguu yao baada ya siku kadhaa. Lakini ufundi huo haupo kisiwani. Kilichopo kisiwani ni vidonge vya prazikwanteli, vinavyoua minyoo. Makovu ya zamani haviwezi kuyafuta yote, hivyo faida yake ni kubwa kwa aliyemeza mapema. Kampeni za kumeza dawa mara nyingi hulenga wanafunzi, na ni vizuri. Mvuvi mwenye miaka 35, ambaye yuko majini kila siku, hupitwa. Naamini kila mtu mzima anayefanya kazi ziwani angepaswa kupatiwa dawa hii bila kusubiri kuumwa, na viongozi wa mialo yetu waidai.

Damu inayotoka tumboni ina lugha yake, na kuijua kunaokoa. Ikitoka juu, kwenye umio, mfukoni au duodeni, na ikashuka njia nzima, inamengenywa kama chakula na kutoka nyeusi, inanata, ina harufu kali. Choo hicho cheusi kama lami ndicho kadi inachokiita melena. Ikikaa mfukoni na kutapikwa, hufanana na unga wa kahawa uliolowa. Ikitoka chini, kwenye utumbo mpana au puru, huwa nyekundu. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu naye hupata choo cheusi, lakini chake hakinati wala hakina ile harufu, na hajisikii kizunguzungu akisimama.

Kuyauliza haya si rahisi. "Mzee, choo chako ni cha rangi gani siku hizi?" nilimuuliza baba mmoja wa makamo ya marehemu baba yangu. Alinyamaza, akamtazama mwanawe. "Mwanangu, hayo ni maswali ya kumuuliza mtu mzima?" Nilimwomba kijana atoke nje, nikafunga mlango, nikakaa chini ya usawa wake, nikamwambia, "Baba, nakuuliza kwa sababu nataka urudi nyumbani." Akasema. Cheusi, wiki ya pili sasa. Alikuwa ameuficha ugonjwa wake kwa heshima, na heshima hiyo ilikaribia kumgharimu uhai.

Aibu ni kubwa zaidi kwa damu nyekundu. Wengi hujipa wenyewe jina la bawasiri, hununua dawa ya kupaka, na kunyamaza. Huenda kweli ni bawasiri, ile mishipa iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo huanza kwa damu kidogo na choo kinachobadilika, leo kigumu, kesho cha kuhara. Aliyevuka miaka 40 na anaona damu asijipime mwenyewe.

Viungo vingine navipitia upesi. Kidole tumbo kikivimba, maumivu huanza kuzunguka kitovu, hamu ya kula inapotea, kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia kulia kwa chini na kutulia hapo. Mwenye dalili hizo asipewe dawa ya kuharisha wala dawa ya mitishamba ya kusafisha tumbo, kinaweza kupasuka. Homa ya ini aina ya A na E hupita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina ya B na C hupita kwenye damu, na B hupita pia katika kujamiiana na toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ya B ina chanjo. Watoto wetu huipata ndani ya chanjo zao za kliniki, na watu wazima ambao hawakuipata wanaweza kupima na kuchanjwa.

Maneno ya kwenye kadi yanatisha kwa urefu wake, ila yamejengwa kwa vipande vichache vya Kigiriki, na ukivijua utayasoma. Gasta ni mfuko wa chakula, hepa ni ini, kolo ni utumbo mpana, kole ni nyongo. Mwisho wa -aitisi ni uvimbe wenye joto na maumivu: gastraitisi ni mfuko uliovimba, hepataitisi ni ini, apendisaitisi ni kidole tumbo. Mwisho wa -skopia ni kutazama kwa ndani. Mwisho wa -ektomi ni kukata na kuondoa, basi apendektomi ni kuondolewa kidole tumbo. Mwisho wa -ostomi ni kutoboa njia mpya. Mwenye kolostomi anatolea choo kwenye mfuko ubavuni, na anaweza kuishi, kufanya kazi na kuswali kama mwingine yeyote. Na gastraitisi, nisisitize, si kidonda. Ukuta umechubuka na kuvimba, haujatoboka. Wengi walioishi na jina la vidonda walikuwa na hii, au hawakuwa na chochote kinachoonekana, na hilo la mwisho ni jibu la kufurahia.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukipewa kadi iliyoandikwa neno usilolijua, usitoke chumbani. Muulize aliyeliandika: kiungo gani, kimepatwa na nini, na kipimo gani kimeonyesha hivyo. Ni haki yako, na daktari mzuri hachukii kuulizwa. Ukiona choo cheusi kinachonata, ukitapika damu, chakula kikikwama, macho yakiwa manjano, au uzito ukipungua bila wewe kutaka, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo. Na kama umewahi kuvua, kuoga au kufua ziwani, liseme hilo mapema, kabla hujaulizwa.